Bunduki ya Kungojea Wadi

Je, Mzee Nasur alilala, au hakulala? Swali hilo lilininyima usingizi karibu mwezi mzima, na nakwambieni mapema, nyinyi vijana mnaoanza kazi ya kuchagua vifaa vya dharura, kwamba aibu yangu haikuwa kutolijua jibu. Jibu nilikuwa nalo mkononi tangu siku ya kwanza. Aibu ni kwamba nililishikilia swali ili nipate pa kujificha. Nilikuwa nikilala chali, natazama boriti za nyumba yetu ya Matrah, na moyoni namuombea mzee wa watu awe kweli alilala. Maana akiwa alilala, mimi ni msafi.

Wengi wenu mmenikuta bohari, mtu wa pampu na kamba na ving'ora, niliyewachosha wauzaji kwa kutaka kila kitu kijaribiwe kwenye upepo na mvua. Mlinicheka, na mlikuwa na haki. Yupo muuzaji mmoja wa ving'ora nilimchukua na suti yake mpaka mabonde ya nyuma ya Ansab, nikamwacha huko na king'ora chake, mimi nikaenda kusimama mbali kusikiliza. Alirudi mjini mweupe kwa vumbi, hajawahi kunisamehe. Sikuwa na ubishi wa bure. Nilikuwa nimeshaona kitu kizuri kikichaguliwa vibaya, na aliyekichagua nilikuwa mimi.

Tulitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, mama yangu na mimi, na katika mizigo yetu imo shahada yangu ya hesabu, nimeikunja ndani ya bomba la bati isipate maji ya chumvi. Maskati ya siku zile haikuwa na kazi ya shahada. Mama akamkumbuka Ami Hamdan, ambaye alikaa Wete miaka mingi akitengeneza cherehani, kisha akarudi Oman kabla yetu na kufungua karakana ya bunduki pale sokoni Matrah.

"Chuma ni chuma," Ami Hamdan aliniambia siku ya kwanza. "Cherehani inashona, hii inafumua. Skurubu ni zile zile."

Karakana yake ilikuwa na sheria moja iliyowashangaza wageni. Ukiingia na bunduki, salamu hungoja. Kwanza unaifungua, unatazama ndani ya mtutu kama mna kitu, ndipo Ami anakuitikia salamu yako. Nilimwona akimwacha mtu mzito mwenye jambia la fedha amesimama mlangoni na "salaam aleikum" yake hewani mpaka alipoifungua bunduki yake. Siku nyingine alikuja mtu wa Yiti, anasema bunduki yake ilining'inia ukutani mwaka mzima na sasa anataka kuitia mafuta tu. Ami akachungulia, akachukua waya mrefu, akatoa donge la udongo la nyigu, kubwa kama kokwa ya tende.

"Bwana, ulikuwa unafuga nyigu," akamwambia. "Ungeipiga hivi, mtutu ungekupasukia usoni. Sasa wa aleikum salaam, karibu kahawa."

Alinifunza mengi ambayo hayamo vitabuni. Mafuta yawe kidogo, maana mafuta mengi hukamata vumbi na vumbi husaga chuma. Bunduki ya mtu wa pwani ifutwe kila juma hata kama haikupigwa, kwa sababu chumvi haingoji. Na kubwa kuliko yote: usichague bunduki kwanza. Zunguka soko, uliza risasi gani zinapatikana leo na zitapatikana mwakani, kisha ndipo utafute bunduki ya kuzipiga. "Bunduki isiyo na risasi," alisema, "ni fimbo ghali."

Mimi nilikuwa nayaandika yote. Nilikuwa na daftari la jalada la kitambaa, na kila jambo lazima nilichorie safu, nilipime, nililinganishe. Mkanda tu wa kuning'inizia bunduki ulinichukua siku tatu kuamua, ngozi au kitani. Ami akanipa jina.

"We Daftari," aliniita mbele ya wateja, "sukari ya chai ushaipimia hesabu, au tunywe hivi hivi?"

Nilicheka pamoja nao, lakini ndani nilijiona bora. Nilidhani wao wanakisia na mimi najua.

Mwaka mmoja Ami Hamdan alikwenda Hijja, akaniachia ufunguo. Siku chache baadaye wakaingia watu wawili kutoka kitongoji kimoja cha bonde la juu ya Quriyat. Wamebeba Martini kongwe, zile bunduki za risasi moja moja zenye mkono wa chuma kwa chini wa kufungulia. Mtutu umepasuka, haifai tena.

Wakanieleza kazi yake. Kitongoji chao kiko kando ya wadi, bonde kavu ambalo siku zote ni mawe na mbuzi tu. Mvua ikinyesha milimani, hata kama kwao jua linawaka, maji hushuka ghafla ukuta kwa ukuta na kuchukua kila kilichomo bondeni. Kwa hiyo juu kwenye kona ya wadi hukaa mlinzi. Akiyaona maji, hupiga risasi tatu mfululizo, na watu wa chini hukimbia kupanda na watoto na mifugo yao. Mlinzi wao ni Mzee Nasur. Ujira wake si pesa. Kitongoji humpa zamu ya maji ya falaji, ule mfereji unaonywesha mitende, nusu siku kila zamu ikizunguka, naye kwa maji hayo hunywesha mitende yake yote.

"Tupe inayofaa," wakasema. "Wewe umesoma. Tutachukua utakayotuchagulia."

Vijana, hakuna maneno yanayolevya kama hayo.

Ukutani palikuwa na Martini nyingine, nzima, yenye sura mbaya, nzito. Na nyuma ya kabati palikuwa na bunduki ya Ulaya iliyoachwa na mzungu mmoja aliyepita, nyepesi, inameta, yenye risasi nyembamba kama kijiti cha wanja. Niliwaambia warudi kesho. Nikachora safu kumi na nne. Uzito: mlinzi ni mzee. Teke la begani: Martini humpiga mpigaji kama punda. Wepesi wa kupiga tatu mfululizo: ile ya Ulaya hubeba risasi kumi kwa pamoja, Martini unajaza moja moja, na mikono ya mzee inatetemeka. Risasi: nilizunguka soko kama nilivyofunzwa, nikapata maboksi ya kutosha miaka. Shabaha, kutu, urahisi wa kusafisha, urefu, mpaka rangi ya kitako nilikuwa na safu yake. Nyepesi ilishinda katika safu kumi na mbili.

Niliijaribu nje ya mji kwenye bati tupu la samli, risasi tatu zikaingia mahali pa kufunikwa na kiganja. Nilisimama nayo begani na masikio yangu yalinguruma. Ukisimama nyuma ya bunduki, kila bunduki ina sauti.

Safu kumi na nne. Hapakuwa na safu ya mlio.

Baada ya majuma kama matatu akaja Mzee Nasur mwenyewe. Mtu mwembamba, ndevu zimetiwa hina, kilemba kimefungwa vizuri kwa safari. Aliifungua bunduki mlangoni kabla ya salamu, bila ya kuambiwa, na mimi nikampenda kwa hilo. Nikamkalisha, nikamimina kahawa, nikamuuliza kama inavyopasa:

"Khabari, Mzee Nasur?"

"Hapana khabari, mwanangu, ila kheri."

Sasa sikilizeni. Kule ndani ya Oman, mtu akifika na kuulizwa khabari, hujibu kwamba hapana, ila kheri, hata akiwa ametoka kuzika. Huo ni mlango tu. Mgeni anywe kahawa, ale tende, kisha mwenyeji amuulize mara ya pili, na hapo ndipo khabari yenyewe hutoka. Mtu mwenye adabu haanzi mwenyewe. Na msiseme kwamba nilikuwa mgeni, sikuijua desturi. Kwani sisi wa Unguja tuna desturi gani? Mtu kwetu huulizwa hali akasema njema, kisha baada ya njema huja "ila", na khabari yote imo ndani ya ile "ila". Nilizaliwa nikiijua. Siku ile nilikuwa na daftari tu, sikuwa na masikio.

Nilimfungulia kurasa zangu, nikamwonyesha safu, ingawa hajui kusoma. Nikampa somo la kusafisha mtutu. Kitambaa cha kwanza kilitoka cheusi, maana yake ameshaipiga, na sikumuuliza amepiga nini wala kwa nini. Nilipitisha vitambaa mpaka kimoja kikatoka cheupe, nikakiinua kama bendera. Nikamjazia boksi lake la risasi likawa na kumi kamili.

Anayeshiba kahawa hutikisa kikombe. Yeye hakutikisa. Nilimjazia cha pili, cha tatu, cha nne, naye anakishika tu, ananitazama, anangoja. Mimi nikimimina na kusema, nikisema na kumimina.

"Mashaallah," akasema mwisho. "Mungu akuzidishie elimu." Akatikisa kikombe, akaondoka.

Alikuja kwa nini nilijua baadaye, mkewe aliponiambia siku niliyokwenda kwao. Alikuwa ameijaribu kule juu, na mkewe aliyekuwa bondeni hakusikia kitu. Alisafiri kutoka Quriyat kuja kuniambia jambo hilo moja, na hakutaka kumfedhehi mtoto wa watu aliyesoma kwa kumwambia kabla hajaulizwa.

Maji yalishuka alasiri moja. Wale watu wawili walirudi karakana na bunduki na boksi la risasi wamevifunga guniani. Wakanipa khabari, na safari hii hazikuhitaji kahawa. Wadi imechukua mbuzi wengi na bustani ya mjane mmoja yote. Binti wa mjane, Zuwena, aliyekuwa akichunga bondeni, maji yalimbeba yakambana kwenye mti wa mkunazi. Mzima, lakini mguu umevunjika mahali pawili.

"Na mlinzi?" nikauliza.

"Alilala," mmoja wao akasema. "Usingizi wa mchana. Anaapa alipiga tatu. Hakuna aliyesikia hata moja."

"Risasi zimepungua," mwenziwe akasema, "lakini hizo kapigia hua."

Wakasema wamemwondoa ulinzi na zamu ya maji wamemnyang'anya. Mitende yake itastahimili mpaka kiangazi kianze, basi. Bunduki wanairudisha, maana hawana mtu wa kumpa. Nasur anajulikana sasa bondeni kote, ukimwona mtu anasinzia unamwita Nasur.

Walipoondoka nilihesabu risasi zilizobaki bokisini. Saba. Nikapitisha kitambaa kwenye mtutu, kikatoka cheusi. Nilisimama nacho mkononi, na nikaona safu ya kumi na tano, iliyokuwa haipo. Upepo, mawe, mvua ya mbali, na risasi nyembamba kama kijiti cha wanja inayolia kama mtu anayepiga makofi.

Kitambaa nilikitia katika jiko la kahawa.

Kisha nikaanza kufikiri, na kufikiri ndiko kulikonipoteza. Labda kweli alipiga hua. Hua watatu kwa risasi tatu, kwa mikono inayotetemeka? Mwenye shahada ya hesabu akaikubali hesabu hiyo. Labda alilala, akazinduka maji yameshapita, ndipo akapiga. Labda, labda. Ami Hamdan aliporudi Hijja, na harufu ya marashi bado imo kanzuni, akaiona ile bunduki.

"Hii mbona imerudi?"

"Mlinzi alilala, Ami."

"Nasur?" Akairudisha nyuma ya kabati. "Masikini. Uzee."

Nilimwambia uwongo mtu aliyetoka kutufu Kaaba, nikamwacha amsikitikie mwenye haki. Tangu hapo usingizi ukanihama. Nikaamua nitaandika barua kwa sheikh wa kitongoji. Niliiandika, nikaichana. Ya pili ilikuwa na maelezo marefu ya hewa na mawimbi ya sauti, ungesoma usingejua nani mkosa. Ya tatu niliomba radhi kwa "kasoro iliyotokea", kama kwamba kasoro ina miguu, imejitembelea yenyewe. Nikiwaza: nikikiri, karakana itapoteza jina. Watasema watu wa Zinjibar wamekuja na makaratasi yao wanatuharibia. Ami atanifukuza, mama atakula nini?

Mama alinikuta na ya nne.

"Unamwandikia nani mwezi mzima huu?"

Nikamweleza yote. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa.

"Huyo mzee mwenyewe anajua kusoma?"

"Hajui."

"Na waliomwita mlalaji, walimwita kwa barua?"

"Walimwita sablani, mbele ya watu." Sabla ni baraza ya wanaume wa kitongoji.

"Basi, mwanangu." Akapeta mchele. "Na kiangazi hicho kinakuja. Mitende haisomi."

Asubuhi nilikwenda karakana, nikaifungua ile bunduki ya Ulaya mbele ya Ami Hamdan kama sheria ilivyo, na kabla ya salamu nikamwambia kwamba Nasur hakulala. Nilimwambia na habari ya kitambaa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja anitukane, ningepata nafuu.

"Wewe Daftari," akasema, "ulijua siku ile ile."

"Nilijua."

Akaishusha Martini ukutani, akaifuta, akanipa na mkanda wa risasi. "Zote mbili chukua. Watu hawasikii maelezo. Wasikilizishe."

Nilikwenda Quriyat kwa mashua ya mzigo, nimekaa juu ya magunia ya papa mkavu, bunduki mbili mapajani, na njia nzima nikitafuta sababu ya kurudi. Nilizipata nyingi. Kutoka Quriyat nilipanda bonde kwa punda. Nilianzia kwa Mzee Nasur. Alikuwa anakata makuti yaliyokauka. Nikambusu mkono, nikamwambia nilichokuja kufanya, naye akaweka kuti chini.

"Hukulazimika," akasema.

Ilikuwa Ijumaa. Baada ya sala watu walijaa sablani, nikamuomba sheikh jambo moja: Mzee Nasur apande kwenye kona yake ya ulinzi pamoja na ndugu yake sheikh awe shahidi. Wapige bunduki mbili kuelekea mlima mtupu, ya kwanza mara tatu, wangoje kiasi cha kikombe kimoja cha kahawa, kisha ya pili. Watu wote waliambiwa, mpaka wanawake majumbani, asije mtu akakimbia. Na sisi tukae kimya tusikilize.

Wakapanda. Tukakaa. Upepo wa bondeni ulikuwa ukivuma kama kawaida yake. Kahawa ikazunguka. Mmoja akachungulia nje, akarudi kukaa. Kikombe kilinifikia mimi, nikanywa, nikakishika bila ya kutikisa.

"Mbona hapigi?" mtu akanong'ona.

"Nasur huyo," akajibu mwengine. "Kishalala tena."

Wakacheka, sabla nzima, hata sheikh akaficha tabasamu kwa mkono. Na kicheko hakijaisha, Martini ikanguruma. Vikombe vililia kwenye sinia. Njiwa wakaruka kutoka mitendeni wote kwa pamoja, na mlima wa ng'ambo ukaurudisha mlio ule ule. Ya pili. Ya tatu. Kati ya moja na nyingine mzee alichukua muda kujaza, na muda huo haukudhuru kitu. Safu yangu ya wepesi ilikuwa ya bure.

Hakuna aliyecheka tena.

"Na ile ya kwanza?" sheikh akauliza.

"Imeshapigwa," nikasema. "Mara tatu. Mlikuwa mnacheka. Hiyo ndiyo niliyokuchagulieni, na siku ya maji Mzee Nasur aliipiga hivyo hivyo. Kabla ya maji alikuja mpaka Matrah kunambia kwamba haisikiki, nami sikumpa nafasi ya kusema. Baada ya maji nilijua, nikanyamaza. Aliyelala ni mimi."

Ndugu yake sheikh aliteremka akathibitisha: tatu na tatu, kwa macho yake. Sheikh aliwageukia watu wake, akasema zamu ya maji irudi kwa Nasur kuanzia mzunguko huo, na zile zilizompita alipwe kwa zamu ya sheikh mwenyewe. Mjane, mamake Zuwena, alikuwa amesimama nje ya ukuta pamoja na wanawake. Nilitoka nikamwambia na yeye. Akanitazama usoni, kisha akaingia kwake, na sijapata kumlaumu. Mguu wa binti yake uliunga kombo, ukabaki hivyo.

Mzee Nasur aliingia sablani wa mwisho, Martini begani. Aliifungua, akatazama mtutu, akaiegemeza ukutani, kisha akasalimia. Watu walimpisha karibu na sheikh, naye akaja kukaa karibu yangu. Mimi nikachukua birika kwa mkono wangu.

"Khabari, Mzee Nasur?"

"Hapana khabari, mwanangu, ila kheri."

Nikamimina, nikanyamaza. Akanywa polepole. Nikamjazia tena, nikanyamaza. Alipomaliza cha pili nikaweka birika chini, nikamuuliza mara ya pili:

"Na khabari nyengine?"

Akakishika kikombe bila ya kukitikisa, akaanza kusema.